Chini ya Jiwe la Tatu

Kamusi haina jina lake. Nimetafuta.
Kuna kereng'ende, kuna chawa wa kuku,
kuna hata yule anayesukuma mavi barabarani,
lakini huyu wa Isongole, chini ya jiwe la tatu
ukihesabu kutoka pale tunapooshea viazi,
huyu kaachwa nje ya mlango wa lugha,
na baridi yote hii ya Juni.

Namwita Fundi, basi.

Mwili punje ya mchele iliyovaa koti la kahawia,
kichwa kigumu, miguu sita yote mbele,
na tumboni manyoya ya kupumulia
yanayotikisika kama ndevu za hindi bichi.
Uzi anautoa mdomoni.
Buibui ana subira ya mtu aliyekaa;
Fundi ana subira ya mtu aliyesimama mlangoni
upepo ukimvuta shuka.

Kibanda chake: kokoto mbili, kipande cha gome, mchanga.
Mbele ya kibanda, wavu,
matundu yake mraba kwa mraba,
madogo hata sindano ya mama ingeona haya kupita.
Haendi kuwinda. Maji yanamletea:
jani lililooza, vumbi la mwani, mguu wa mwenzake.
Mkondo ukilegea, njaa. Mkondo ukizidi, wavu unachanika
naye anaanza upya.
Jirani akitaka kumpora kibanda
anasugua miguu chini ya kidevu, kwaru kwaru,
ugomvi mzima ambao sisi wa juu hatuusikii.

Nilijifunza kuusoma wavu huo kwa lenzi.
Mradi wa maji uliisha, gari likaondoka,
lenzi ikasahaulika mfukoni mwangu
nami sikukimbia kuirudisha.

Mwezi wa tatu nyavu zilikuwa zimenyooka.
Mwezi wa nne, Ijumaa baada ya Ijumaa,
zikaanza kwenda upande.
Tundu moja kubwa, linalofuata limefumba,
uzi umerudiwa mara mbili pasipo sababu
kama barua ya mtu mwenye homa.

Nikapanda na kijito. Sikupanda mbali.
Shemeji yangu Ambakisye, miguu majini,
anasuuza bomba la dawa ya viazi,
povu jeupe linamzunguka vifundoni,
anapiga mluzi wa kwaya.

Tungeweza kugombana. Ana mdomo yule.
Nilimletea jiwe ndani ya beseni,
nikampa lenzi, nikamwambia chungulia.
Alichungulia muda mrefu kuliko nilivyotarajia.
"Kwa hiyo huyu funza ndiye shahidi wako?"
"Ndiye."
"Mbona anashona kama mlevi?"
Sikumjibu. Maji ya beseni yalikuwa yametulia,
na Fundi, pasipo mkondo, alikuwa anakosa pumzi.
Nikakimbia kumrudisha.

Hakuomba radhi. Kwetu mtu huomba radhi
kwa kuleta debe la viazi na kusema ni vya watoto.
Debe lilikuja. Niliviosha mara tatu.

Siku hizi bomba linasuuzwa juu, kwenye shimo kando ya pareto.
Si kila Ijumaa. Ijumaa nyingi.
Na nyavu? Jana niliona mmoja
upande wa kushoto umenyooka kabisa,
upande wa kulia bado una homa.

Usiku, wale waliokwisha kuota mabawa
huja kwenye taa yetu ya sola,
wepesi, rangi ya majivu, vipapasio virefu kuliko mwili.
Hawafumi tena. Wana siku chache tu.
Asubuhi Subilaga anawafagia pamoja na nondo.

Namwambia: hao, mwanangu, fagia polepole.
Anasimamisha ufagio.
Ananiuliza wanaitwaje.